Kamera ya Darajani na jua lililomegwa

Desemba 2009, Unguja nzima ilipokosa umeme, mimi ndio kwanza nilikuwa nimenunua kamera. Binamu yangu alikuwa na meza sokoni Darajani, akiuza vitu vya used vilivyoshuka na makontena: pasi, feni, mashine za kusagia juisi. Vyote wakati ule vilikuwa mapambo tu. Kati yake imelala Canon PowerShot A520 ya rangi ya fedha, megapikseli 4, modeli ya 2005.

"Nzima hiyo, yakhe," akaniambia. "Ila kilimi cha mlango wa betri kimekatika. Utaufunga mpira."

Tukakubaliana shilingi 25,000, na mpira akanipa bure.

Kilichonivutia ni kwamba inatumia betri mbili ndogo za kawaida, zile zile za redio na tochi. Rafiki zangu wenye kamera nyembamba za kuchaji walikuwa wakipanga foleni kwenye jenereta za watu pamoja na simu zao. Mimi nilijiona mjanja mpaka nilipotia betri za bei rahisi, za zinki na kaboni. Lenzi ilichomoza, ikasita, ikarudi ndani, basi. Kumbe kamera huvuta umeme mwingi kwa mkupuo mmoja, na betri za aina ile hutoa kidogo kidogo. Zinaweza kukuwashia tochi siku nyingi zisiweze kusukuma lenzi. Ilitaka za alkalini, na siku zile kila aliyekuwa na redio naye alizitaka hizo hizo. Nikawa nazunguka dukani hadi dukani.

"Sie twatafuta maji, weye watafuta betri!" Bimkubwa alinipigia kelele siku moja, na haki alikuwa nayo. Pampu zilikuwa zimesimama, madumu yamepangana kisimani tangu alfajiri. Nilibeba madumu kwanza, ndipo nikaruhusiwa kushika kamera.

Ili betri zidumu nilizima kioo cha nyuma, maana ndicho mlaji mkubwa, nikawa napiga kwa kuchungulia kwenye kitundu cha juu. Kitundu kile kina mambo yake. Kinakuonesha kidogo kuliko picha itakavyotoka, na kwa kuwa kiko pembeni ya lenzi, ukisogelea kitu karibu kinakielekeza upande. Picha zilirudi na viwiko vya watu na ndoo ambazo sikuziona. Nikajifunza kusogea hatua moja mbele, halafu kwa vitu vya karibu nikaacha ubahili, nikawasha kioo.

Usiku ndio niliifaidi hasa. Ile duara ya juu ina alama ya Tv, ambayo haina uhusiano wowote na televisheni; ukiiweka hapo unachagua mwenyewe muda wa picha kupokea mwanga, hadi sekunde 15. Niliipachika kamera juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikaweka ijipige yenyewe ili kidole changu kisiitikise, nikamwomba Bimkubwa akae karibu na kandili asicheke. Alicheka. Kandili lilitoka wazi, hata masizi ya chemni yanaonekana, na mikunjo ya kanga yake. Uso ukawa ukungu. Baada ya picha kama hiyo kamera hukaa kimya muda mrefu, inasafisha chengachenga, na mara ya kwanza nilidhani imekufa.

Halafu ikaja Ijumaa ya tarehe 15 Januari 2010. Redio zilishatangaza kwamba jua litapatwa asubuhi. Kenya wataona pete, sisi tutaona limemegwa. Msikitini kwetu Kikwajuni watu walikusanyika kwa swala ya kupatwa jua. Kuielekeza lenzi juani sikuthubutu, maana jua linaweza kuunguza kamera, na jicho likiwa kwenye kitundu nalo halisalimiki. Nikasimama chini ya mwarobaini nikitafakari nipige nini, na mwanga umekuwa wa ajabu, mkali lakini umepoa.

Mtoto wa jirani ndiye aliyeona. "Kaka, tazama chini!"

Mchanga wote ulikuwa umejaa vihilali. Kila mwanya baina ya majani ulikuwa umekuwa tundu la sindano, na kila tundu linachora chini sura ya jua lenyewe, limegeuzwa juu chini, na kipande kimeliwa. Siku zote yale madoa ya mwanga chini ya mti huwa ni sura za jua. Ni vile tu jua zima ni duara, hakuna anayeshangaa duara.

Picha ya kwanza ilinikera. Kamera huupima mwanga ikitaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani, na kwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa kivuli, ikang'arisha kivuli, vihilali vikaungua vikawa mabaka meupe. Nikaweka ISO 50, yaani kamera isihisi sana mwanga, nikaanza kupunguza mwanga kwa thuluthi ya hatua, thuluthi tena, hadi ikasoma −1, hatua moja nzima chini. Hapo kingo zikakaza. Watoto wakaleta viganja, kila mmoja anataka wake.

Mzee mmoja akatokea msikitini, akapita chini ya mti ule, na mgongo wa kanzu yake ukatapakaa vihilali, vikiteleza kila upepo wa kaskazi ulipotikisa majani.

"Babu, shikamoo. Simama hapo kidogo, tafadhali."

"Marahaba. Nina nini?"

"Una jua mgongoni."

Akasimama. Nikapiga, nikapiga tena, na ya tatu lenzi ikarudi ndani, betri zimekwisha.

Umeme ulirudi Machi. Nikaenda kusafisha picha mjini, kijana wa dukani akaifungua ile ya kanzu kwenye kompyuta, akaikuza, akaguna.

"Hizi doa nikufutie? Dakika mbili tu."

"Usiguse hata moja."

"Basi bei ile ile," akasema, akabonyeza kuchapa.