Nilivyofundisha neno "noon" kwa saa yetu ya Kiswahili

Nafundisha Kiingereza hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Wanafunzi wangu ni watoto wa shule ya msingi wanaokuja nyumbani jioni wakishatoka chuoni, yaani madrasa. Katika maneno yote ya wakati, lililowapa taabu zaidi ni "noon". Maana yake waliijua, saa sita mchana, lakini waliandika "nun" kwa sababu ndivyo linavyosikika. Tena kila tulipogusa habari za saa, kijana mmoja alirudia swali lake: "Mwalimu, kwani saa moja asubuhi Wazungu waiitaje saba?"

Kuna watu wazima waliowaambia watoto hawa kwamba saa yetu ni ya kinyume. Kauli hiyo inaniuma, kwa kuwa si kweli, na mtoto akiiamini huona haya kwa hesabu ya nyumbani kwao. Nikaamua neno lenyewe limjibu.

"Noon" limetoka katika Kilatini, nona hora, yaani saa ya tisa. Warumi walihesabu saa za mchana kuanzia jua linapotoka, na saa yao ya tisa iliangukia pale ambapo Kiingereza cha leo husema saa tatu alasiri. Nilichora saa ubaoni, mshale mfupi kwenye 3, nikawauliza sisi twasemaje hapo. "Saa tisa!" Nikaandika nona kando yake. Hawakuhitaji maelezo zaidi. Aliye na Biblia ya Kiswahili nyumbani ataiona hesabu hiyo kwenye Mathayo 27:46, "saa tisa", na ile ya Kiingereza ya 1611 husema "ninth hour". Saa ni ileile.

Sasa saa tisa iligeukaje kuwa saa sita? Watawa wa Kikristo wa Ulaya walikuwa na sala ya wakati huo, wakaiita kwa jina la saa. Siku za kufunga, chakula kiliingoja sala hiyo. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba sala na chakula viliwahishwa polepole, jina likavifuata, na kufikia karne ya 14 "noon" ilikuwa imeshakuwa katikati ya mchana. Watoto wanaoishi kwa adhana walilielewa jambo hili upesi kuliko nilivyotarajia. Sisi wenyewe twaagana "tuonane alasiri", "tuonane magharibi", na kila mtu ajua ni saa ngapi.

Swali la kijana lilikuwa bado, na hapa nilikaa muda mrefu kwa sababu ndipo penye utamu. Warumi waligawa mchana mafungu 12, uwe mrefu au mfupi. London mwezi wa Desemba mchana haufiki saa 8, na Juni unapita 16. Kwa hiyo saa moja ya Desemba ingekuwa kama dakika 40, na ya Juni kama 80! Zilipokuja saa za mitambo, zinazopiga saa zilizo sawa mwaka mzima, kuhesabu kutoka macheo kukawa kazi ngumu kwa watu wa Ulaya, na hesabu ya kuanzia usiku wa manane ikashika. Lamu iko kama digrii 2 tu kusini mwa ikweta. Mchana wetu karibu haubadiliki, basi hesabu ya macheo inatufaa hadi leo.

Siku ya Jumamosi tulisimamisha mti wa ufagio uani tukatia alama ncha ya kivuli. Kivuli kilikuwa kifupi kabisa baada ya saa sita kupita, si saa sita kamili. Saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya 45 nasi tuko karibu na 41, na kila digrii ni dakika 4. Wakaona wenyewe kwa nini adhana ya adhuhuri huja saa sita na dakika zake.

Tahajia ilibaki nyepesi. Niliwaambia wasome n-o-o-n kwa Kiswahili, kwa "oo" ya "kioo". Hivyo ndivyo Waingereza wa kale walivyolitamka, karibu sana. Baadaye sauti ikapanda ikawa "u", lakini maandishi yakabaki pale pale, kama yalivyobaki katika "moon" na "soon". Tangu hapo husoma kimoyomoyo kwa Kiswahili ndipo huandika, na "nun" sijaiona tena madaftarini. "Afternoon" ilikuja yenyewe.

Nikawaongezea siesta, usingizi wa mchana wa Wahispania, uliotoka katika sexta, saa ya sita. Kwa Lamu hilo halikuhitaji mfano. Kijana wa maswali sasa ameingia kwenye "November". Nimempa mambo mawili: novem ni tisa, na mwaka wa kale wa Warumi ulianza Machi. Ameambiwa ahesabu vidole aje na jibu.