Msiba wa Kanumba Sebuleni kwa Bibi

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 7 Aprili 2012, bibi yangu alikuwa barazani anachambua mchele wa Pasaka. Ilikuwa sikukuu ya kumbukumbu ya Karume, mtaa umetulia. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita mwezi Februari, nasubiri matokeo, kazi yangu kubwa pale Ngokolo, Shinyanga, ikiwa kumchotea bibi maji. Simu ikaingia ujumbe wa maneno manne: Kanumba kafariki usiku huu.

Sikuamini. Nikatoka mpaka kwa fundi viatu wa kona, yule ambaye redio yake haikuzimwa tangu nimfahamu, nikakuta watu kumi na zaidi wamesimama kimya. Fundi alikuwa ameshika kiatu mkononi, hakishoni. Nikajua ni kweli.

Nilirudi nikasimama mbele ya bibi.

"Bibi, Kanumba amefariki."

"Kanumba yupi?" Alijua hakuna mwingine. Aliuliza ili nipate nafasi ya kusema nimekosea.

Sikusema. Akauweka ungo chini taratibu, mchele usimwagike, akanyamaza kitambo. Kisha akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaifunga upya, akaikaza, kama wanavyofanya kina mama wanapokwenda kufanya kazi za msibani.

"Msiba uko wapi?"

"Sinza, Dar es Salaam. Nyumbani kwake."

"Na huku watamleta lini?"

Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu, alizaliwa Shinyanga, tarehe 8 Januari 1984. Kwa bibi hilo halikuwa swali la kujadili. Mtoto wa watu akifia ugenini, anarudishwa.

Ili mtu aelewe kilichokuwa kimempata bibi asubuhi ile, lazima nirudi nyuma hadi mwaka 2003. Nilikuwa na miaka kumi. Sebuleni tulikuwa na televisheni ya chogo ya inchi 14 na deki aliyotuletea mjomba, na picha zilizokuwa zikikodishwa mtaani nyingi zilikuwa za Kinaijeria, watu wanaongea Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Bibi alizipenda mno. Alipenda zile nyumba kubwa, vile vilemba, na wakwe wale wakorofi. Ila hakujua neno hata moja, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nne. Najua kalamu, najua dirisha, najua mwalimu yuko wapi. Wanawake wawili wakigombana dakika tano, mimi naambulia maneno matatu, na bibi ameshanigeukia: "Anasemaje?" Basi nilikuwa natunga. Niliwapa watu wale ndoa ambazo hawakufunga na watoto ambao hawakuzaa. Bibi alikuwa ananisikiliza huku macho yako kwenye kioo, anaguna, anasikitika. Wakati mwingine nilijikanganya, mtu niliyesema ni shemeji nikamfanya baba. Hakunisahihisha hata siku moja.

Wakati pekee ambao hakunihitaji ulikuwa ule wa michezo ya kuigiza ya kundi la Kaole pale ITV, na huko ndiko alikomjua Kanumba, kijana mrefu mwenye sauti nzito. Baadaye zikaja picha zake kamili, za kukodi shilingi 500. Nakumbuka jioni ya kwanza tulipoweka moja. Nilikaa pembeni ya bibi kama kawaida, tayari kwa kazi. Dakika zikapita. Hakunigeukia. Steringi analia, na bibi analia pamoja naye, kwa wakati uleule, si sekunde kadhaa baadaye akishamalizana na mimi. Alipocheka alicheka mwenyewe. Kabla picha haijafika mwisho alikuwa anamjibu Kanumba kwa sauti, anamwonya asimwamini yule binti.

Watu wengi wameandika juu ya Kanumba na umaarufu wake. Mimi ninachomshukuru ni hicho: alimtoa bibi yangu kwenye hali ya kusimuliwa. Bibi hakusoma shule, na karibu kila kitu kilichotoka nje ya mtaa kilimfikia kupitia mdomo wa mtu mwingine. Kanumba alizungumza naye moja kwa moja. Hata alipoigiza na Wanaijeria wenyewe, katika "Dar 2 Lagos" ya mwaka 2006, bibi aliliona kama safari ya mtoto wetu kwenda kwa watu wale ambao kwa miaka mimi nilimficha habari zao. Kilichonikera, na kinanikera mpaka leo, ni kwamba picha nyingi za nyakati zile ziliongea Kiswahili halafu zikapewa majina ya Kiingereza. Bibi alizipa majina yake. Ile aliyoipenda kuliko zote aliiita ya mjomba na watoto wawili.

Pasaka ya mwaka ule tulikula wali bila maneno. Jumatatu tukapata habari kwamba hatazikwa Shinyanga, atazikwa makaburi ya Kinondoni. Bibi alisema neno moja tu, "Haya," lakini siku nzima hakutoka ndani.

Jumanne, tarehe 10, nilipanda mapema kwenye paa kuzungusha antena. Miaka ile ving'amuzi vilikuwa bado havijatulazimu. Ukitaka picha isiyo na chenga, mmoja anapanda juu, mwingine anapiga kelele dirishani. Kufika saa nne sebule ilikuwa imejaa. Wanawake wa mtaani walikuja na kanga zao wakakaa mkekani, sisi vijana tukasimama ukutani. Bibi alikuwa amechemsha chai kwenye sufuria kubwa, ile inayotoka siku za shughuli tu.

Mzee mmoja jirani, mstaafu, alisimama mlangoni akatutazama. "Mnamlilia mtu wa kwenye kioo," akasema, akaondoka. Hakuna aliyemjibu. Mimi nilitamani kumjibu na sikuwa na maneno, leo ninayo. Ningemwambia kwamba mtu huyu ameingia nyumba hii mara nyingi kuliko yeye jirani, ameingia jioni baada ya jioni, na hakuwahi kumfanya bibi ajione mjinga.

Kwenye televisheni tuliona viwanja vya Leaders Club vimefurika. Watu walikuwa juu ya miti. Wengine walizimia wakabebwa juu juu, na msongamano ulipozidi zoezi la kuaga likakatishwa, maelfu wakiwa bado hawajaufikia mwili. Tulimwona Makamu wa Rais, Dokta Bilal, tukamwona Mama Salma Kikwete. Kanumba alikuwa na miaka 28. Mwanamke mmoja mkekani alirudia hesabu hiyo kama mtu asiyeamini mizani: ishirini na nane, ishirini na nane. Bibi hakulia. Alikaa mgongo umenyooka, kama mama mwenye msiba anayepokea wageni.

Msafara ulipoanza kuelekea makaburini, umeme ukakatika.

Sebule nzima iliguna. Tulisubiri dakika kumi, kumi na tano. Wengine wakaanza kuondoka. Nikakimbia kwa fundi viatu kuomba redio, akaibeba mwenyewe mpaka kwetu, akaiweka juu ya televisheni iliyozimika. Tukaisogelea. Sauti ya mtangazaji ilikuwa inapotea na kurudi, nyuma yake kelele za umati.

Bibi akanigeukia. Ilikuwa miaka mingi hajanigeukia hivyo.

"Wanafanyaje?"

Nikafanya nilichokizoea. Nikamwambia jeneza linashushwa polepole, watu wote wamenyamaza, mama yake ameshikwa mikono huku na huku, mashada ni mengi hata udongo hauonekani. Sikuwa nimesikia lolote kati ya hayo. Nilitaka tu awe na picha ya kubaki nayo.

Akaweka mkono juu ya goti langu.

"Mume wangu," akasema, kama alivyozoea kuniita, "leo usitie chumvi. Niambie unachosikia tu."

Nikanyamaza. Redio ikakwaruza, ikarudi. Mtangazaji akasema watu ni wengi, wanasukumana, barabara haipitiki. Nikamwambia bibi, "Watu ni wengi. Wanasukumana. Barabara haipitiki." Akatikisa kichwa. Mtangazaji akasema neno jingine, nikalirudia jinsi lilivyo. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, alikuwa anayasikia mwenyewe, lakini kila sauti ilipotulia alinigeukia, nami nikarudia, mpaka betri za fundi zilipoanza kuchoka.

Jioni umeme uliporudi, bibi alizikusanya CD zote za Kanumba, akazifunga kwenye kitambaa, akaziweka ndani ya sanduku la bati pamoja na picha za marehemu babu. Akasema zisiguswe hadi arobaini ipite.