Na wewe tena

Nilimwambia mgonjwa maneno matatu Jumatatu asubuhi hapa zahanatini, na leo Jumamosi usiku bado nayasikia. "Na wewe tena?"

Aliingia wa nne au wa tano, daftari kalifunga ndani ya mtandio. Nilimtambua kabla hajakaa. Machi alikuja, Julai alikuja, shida ile ile: uchafu unamtoka, tumbo la chini linauma, haja ndogo inachoma. Nikainua macho kutoka kwenye rejista, nikayasema. Sikuwa na hasira, Mungu anajua. Watoto wa chanjo walikuwa wanalia nje, na Mama Salma ananiita nikasaini mzigo wa dawa. Lakini chumba changu na benchi la wagonjwa vimetenganishwa na pazia tu. Aliyekaa benchi la mbele anasikia hata unavyohema. Na kilichomchoma nadhani si "na wewe", ni ile "tena". Niliivuta. Teena.

Hakuinamisha uso. Alinitazama, akasema taratibu, "Dawa nameza peke yangu, dada. Ugonjwa tunalala nao wawili."

Sikumjibu. Nilimchoma sindano ya seftriaksoni, nikamhesabia vidonge vya doksi na metronidazo, nikampima VVU na kaswende, vyote mstari mmoja, yaani hana, nikamwandikia kadi ya mwenza, ya kumwita mwenzake aje atibiwe, akaenda. Kila kitu kama mwongozo unavyotaka. Mkaguzi asingeona kosa.

Nimeyarudia nikifua, nikisonga ugali, nikiwa nyuma ya pikipiki. Ningeweza kusema "karibu". Ningeweza kusema "pole, imerudi?" Pole, imerudi. Maneno mawili, na mepesi kuliko yale matatu. Baba Neema ananiambia labda hakulichukulia vibaya, ni uchovu wangu tu unanitesa. Alilichukulia vibaya. Mtu ambaye hajaumia hajibu vile.

Na alichosema ni kweli tupu. Hapa tunatibu kwa dalili. Hatuna maabara ya kututofautishia kisonono na klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, kwa hiyo tunampa mgonjwa dawa za kumaliza vyote, na zinamaliza. Kisha anarudi kulala palepale. Tunatibu nusu ya kitanda. Kadi ya mwenza ndiyo inayotakiwa kuileta nusu ya pili. Haina jina la ugonjwa, ina namba na alama tu, ili hata ikiokotwa njiani isimwaibishe mtu. Ila nani anaifikisha? Wako walioniambia wazi kwamba waliitupa ziwani kabla ya kufika nyumbani. Atakayeitoa ndiye atakayeitwa mleta ugonjwa, hata kama mwenzake ndiye aliyeanza kuumwa na akanyamaza. Tena wengi wala hawaumwi. Klamidia inaweza kukaa mwilini miezi isikusemeshe.

Chuoni walitufundisha juu ya utafiti uliofanyika huku huku kwetu, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walichukua jamii 12 za vijijini. Katika nusu yake, zahanati na vituo vya kawaida vikapewa mafunzo, dawa za magonjwa ya zinaa zisizokatika, na watu wa kuwatembelea wahudumu mara kwa mara. Matokeo yalitoka 1995: ndani ya miaka miwili maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko kule kwingine. Kidonda au uchafu ukiachwa ni mlango wa VVU, ukitibiwa mlango unazibwa. Nilijivuna siku ile darasani kama vile zahanati zile zilikuwa za baba yangu. Baadaye Uganda, kule Rakai, waligawa dawa kwa watu wote majumbani kila baada ya miezi 10, na VVU haikupungua. Wataalamu wana maelezo yao, na mengine yanahusu hatua ambayo janga lilikuwa limefikia kila upande. Mimi nabaki na moja la kwangu: Mwanza mtu alipoumwa alikuta mlango uko wazi siku hiyo hiyo. Na mlango wa zahanati hufungwa kwa maneno kuliko kwa kufuli. Hapo ndipo Jumatatu yangu inaponiuma.

Jumatano wageni wa wilaya walikuja wakaondoka, na barua ya kupandishwa daraja niliyoisubiri miaka minne nayo imefika, asanteni mlionipigia.

Lakini Alhamisi. Alhamisi aliingia mwanamke nisiyemjua, mikono inanuka moshi wa samaki, akaweka kadi juu ya meza. Mwandiko wangu. Nikafungua kitabu, nikatazama namba kwenye kishina. Ni ile ya Jumatatu.

"Nimepewa nije nayo," akasema. Na nani? "Na mtu wangu."

Wanaonisoma siku zote wanajua sitaji mtu wala mwalo, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, na hata mpangilio wa siku za wiki nimeupangua kidogo. Lakini niacheni niseme nilivyofurahi. Kadi niliyodhani imezama ilitoka mkono wa mke ikaingia mkono wa mume, ikatoka kwake ikaenda mkono mwingine, ikarudi mezani kwangu. Mume mwenyewe hakuja, lakini hakuichana. Na yule dada niliyemwambia "tena" ndiye aliyeivusha, baada ya kuyasikia maneno yangu.

Furaha yenyewe haikumaliza robo saa. Nilipomweleza habari ya kupima, akasema hana haja, anajijua. Alianza dawa za kufubaza virusi kisiwa kingine miaka mitatu iliyopita. Biashara ya dagaa ikahama, naye akahama nayo, bila barua ya uhamisho. Vidonge viliisha karibu miezi miwili iliyopita. Kabla ya hapo alikuwa amefikia virusi kutoonekana kwenye kipimo. Aliniambia hilo amenyoosha mgongo, kwa sababu anajua maana yake, kwamba aliyefika hapo haambukizi kwa ngono. Sasa hatujui virusi vyake vimefikia wapi.

Nikamuuliza kwa nini hakwenda kituo chochote.

"Tarehe ilikuwa imepita, dada. Ukirudi umechelewa wanakusema mbele za watu. Nikaona bora nikae."

Nikaona bora nikae. Kuna mahali mhudumu fulani alimwambia mwanamke huyu "na wewe tena", kwa maneno yake mwenyewe, akaenda zake kula chakula cha mchana, labda wala hakumbuki.

Niliweka kalamu chini. Nikamwambia, "Karibu. Umefanya vizuri kuja." Akavua kandambili akakaa vizuri kwenye kiti. Tulipiga simu kituo chake cha zamani, namba yake ya CTC, kliniki ya tiba ya VVU, ikapatikana, akaondoka na dawa siku hiyo hiyo, kidonge kimoja kwa siku kama zamani, pamoja na tiba ya kile kilichoandikwa kwenye kadi. Wingi wa virusi tutaupima akishakaa kwenye dawa miezi kadhaa.

Sasa nimebeba kitu ambacho siwezi kumpa mtu. Wanawake wawili wananunua chumvi duka moja, na mimi ndiye ninayejua. Sheria ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa, na hata isingekuwepo nisingethubutu. Ninachoweza ni kumtafuta mwanaume. Yule dada wa pili amekubali mwanaume huyo aitwe. Mbalamwezi imejaa, dagaa hawavuliwi, mitumbwi imelala mchangani na wenyewe wapo, lakini mbalamwezi haikai. Kijana aliyekuwa akizunguka mialo na vipimo alisimamishwa ufadhili wa nje ulipokatika mapema 2025, kwa hiyo kesho baada ya kanisa nitakwenda mwenyewe.

Jumatatu ni siku ya saba. Nilimwambia yule wa kwanza arudi nimwone. Ule mstari wake mmoja hausemi lolote kuhusu wiki hizi za karibuni, atahitaji kupimwa tena, na nitatakiwa kumweleza hivyo bila kusema ninachojua. Kiti nimekisogeza mbali na pazia. "Pole" nimeiweka tayari. Ninachoogopa ni kwamba naye ataona bora akae.

Kulwa wetu wa machimboni hajapiga simu tangu Jumapili. Mvua imeanza Geita, na nasikia baadhi ya maduara, mashimo ya dhahabu, yameshika maji. Dotto anasema ni chaji tu imemwishia. Siku sita?