Nilivyopeleka sambusa 120 futarini bila kuomba ruhusa kazini

Jumamosi iliyopita sambusa zangu ziliisha kabla uji haujamaliza kuzunguka. Nilizihesabu mwenyewe wakati wa kuzipanga: 120. Zilibaki mbili tu, na hizo mwenye nyumba alizifunika kwenye kisahani akasema ni za mumewe akirudi tarawehe. Nimefurahi mno, na nina haki ya kufurahi, maana mwaka jana, kwenye futari ya watu hawahawa, nilirudi na zaidi ya nusu ya sambusa na nikalia ndani ya bajaji kutoka Mbagala mpaka Temeke.

Tupo wanawake kama kumi na wanne, wengine ndugu, wengine tumesoma pamoja. Kila Ramadhani tunafuturu pamoja mara mbili au tatu, na kila mmoja anakuja na chombo chake. Mwenye nyumba anapika uji wa pilipili manga na kukamua juisi, basi. Vyakula vingine tunagawana nani apike nini kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu mwaka wa kwanza hatukugawana na tukafuturu tambi za aina tano. Mimi nauza dukani Kariakoo. Nikibahatika natoka saa 10 jioni, na magharibi siku hizi inaingia saa 12 na nusu hivi. Anayeijua Barabara ya Kilwa jioni ya Ramadhani ataelewa kwa nini nilianza kutafuta namna ya kupika mapema.

Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: pika jana, pasha leo. Ushauri huu umenitia hasara mara mbili na mpaka leo ukitajwa mbele yangu damu inachemka. Wanaoutoa wanautoa kwa mapenzi, najua, lakini wengi wao wako nyumbani mchana kutwa na jiko liko hatua tatu kutoka walipokaa.

Mara ya kwanza zilikuwa mbaazi za nazi. Nilizipika usiku, nikatia tui lote, jepesi na zito, zikaiva vizuri kabisa. Nikafunika sufuria kwa mfuniko wake na kuiacha juu ya jiko lililozimwa ipoe. Mwezi Machi, Dar es Salaam, na jiko langu lina kidirisha kimoja cha kupitisha mkono. Nilipoamka kula daku nikafunua: povu dogodogo pembeni na ile harufu ya kuchacha ambayo mtu haulizi mara mbili. Kilo mbili za mbaazi na nazi nne zikaenda. Jirani yangu ambaye ni muuguzi ndiye aliyenieleza kwamba chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa nje zaidi ya saa mbili, ndivyo hata Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, na kwamba sufuria kubwa iliyofunikwa inakaa na uvuguvugu wake usiku kucha. Na uvuguvugu huo ndio wadudu wanaoupenda. Tangu siku hiyo chochote ninachotaka kukilaza nakimwaga kwanza kwenye sinia pana, nakitandaza chembamba, nakiweka chini ya feni mpaka kipoe, halafu kinaingia kwenye friji.

Mbaazi sasa nazichemsha mpaka ziwe laini, na chumvi yake, bila nazi hata tone. Zinalala kwenye friji na maji yake. Tui zito nalikamua siku yoyote nikipata nazi nzuri na kuligandisha kwenye mifuko midogo. Likiyeyuka utaliona limejitenga, mafuta huku na maji kule, usilimwage. Litie kwenye brenda sekunde chache tu linarudi kama lilivyokuwa. Siku ya siku ni dakika ishirini: kitunguu, pilipili mbichi, manjano kidogo, mbaazi zichemke, tui mwisho, na usiondoe mwiko mpaka litulie, likikatika hapo hakuna wa kukusaidia.

Sasa sambusa. Hii ndiyo iliyonikata maini. Mwenzangu mmoja kazini aliniambia: "Wewe zikaange asubuhi kabla hujaja kazini, ziweke kwenye hotipoti zikiwa moto, ukifungua jioni bado zina moshi." Nikamwamini. Niliamka saa 9 usiku, nikala daku nimesimama, nikakaanga sambusa 100 mpaka jua likachomoza. Nikazipanga zikiwa za moto kwenye hotipoti mbili kubwa za kuazima, nikafunga mifuniko mpaka ikalia. Jioni nikazipitia nyumbani, nikapanda bajaji nazo mapajani, najiona nimewahi kuliko wote.

Adhana ikaadhiniwa, tende zikapita, nikafunua. Mvuke wote uliotoka asubuhi ulikuwa umerudi chini kama maji. Manda, yale maganda ya unga ya nje, zimelowa, zimeshikana, ukiinua moja inakuja na mwenzake na nyama inabaki chini. Mtoto wa mwenye nyumba aliinyanyua ya kwake ikafunguka katikati, nyama ikamwagikia kwenye mkeka. Hakuna aliyesema neno. Mama mzazi wa mwenye nyumba, Mungu ampe umri, alichukua tatu akazila zote huku ananiangalia na kuniambia, "Viungo vimekaa, mwanangu." Wema ule ndio ulioniliza baadaye, kwa sababu nilijua kinywani mwake kulikuwa na nini.

Nilipotulia ndipo nikaelewa. Kosa halikuwa kuandaa mapema. Kosa lilikuwa kumaliza mapema. Sambusa ina hatua yake ya mwisho, nayo ni mafuta, na hatua ile haitakiwi kulala. Nikaanza kuangalia kila chakula kwa jicho hilo: hatua gani ndiyo ya mwisho, na ina dakika ngapi.

Mwaka huu nilianza siku nne kabla. Nilisaga kilo mbili na nusu za nyama (sikumbuki bei barabara, ila nyama na kila kitu hakikuvuka sana elfu 50), nikaichemsha na thomu, tangawizi, bizari nyembamba, pilipili manga na ndimu, mpaka ikakauka kabisa. Nasisitiza ikauke. Kitunguu maji wengi wanakitia kibichi mwishoni, na kwa sambusa ya kukaangwa papo hapo ni sawa, hata mimi naipenda hivyo. Kwa sambusa ya kulala kwenye friza, kitunguu kibichi kitatoa maji na kuzilowesha manda kwa ndani. Mimi nakitia nyama ikiwa bado jikoni, nakigeuza dakika mbili tatu kilegee, halafu kotmiri moto ukishazimwa. Nyama ipoe mpaka iwe baridi mkononi ndipo ufunge.

Manda nilitengeneza mwenyewe. Za dukani zipo, ila zikitoka kwenye friza zinavunjika kwenye mikunjo. Na manda ni jambo rahisi ukishajua. Unasukuma vidonge vinne, kila kimoja saizi ya kisahani, unapaka mafuta na kunyunyiza unga kila tabaka, unavipandanisha, halafu unasukuma vyote vinne kwa pamoja mpaka vifike upana wa sinia. Unaviweka kwenye kikaango kikavu sekunde chache kila upande, vishtuke tu, visiive. Ukitoa, zibandue haraka zingali moto. Dole gumba linaungua kidogo na ndiyo kazi yenyewe. Kata robo nne, umepata manda 16 kwa mkupuo mmoja. Nilifanya mikupuo minane huku nasikiliza redio na binti yangu anafunika kwa kitambaa kibichi zisikauke. Zilizidi chache, tukazikaanga zenyewe na sukari, watoto wakamaliza.

Na hii kazi yote ilifanyika usiku. Kuna faida moja ya kupika usiku ambayo sijasikia mtu akiitaja: unaonja! Mchana umefunga, chumvi unaikisia. Wapo wanaoonja kwa ncha ya ulimi wakatema, lakini mimi moyo wangu hautulii, na siku nilizopika mchana ndizo siku ambazo chumvi ilizidi. Usiku baada ya isha nakaa na kijiko changu, naonja nyama, naongeza ndimu, naonja tena.

Kugandisha kuna adabu yake. Zipange kwenye sinia zisigusane, zigande moja moja kama mawe, ndipo uzitie kwenye mfuko. Ukizirundika mbichi mfukoni utatoa bonge moja. Na kwa kuwa umeme hauna ahadi, naweka kwenye friza chupa tano sita za maji za lita moja na nusu, zimeganda muda wote. Umeme ulikatika Alhamisi tangu asubuhi mpaka karibu na magharibi, sikufungua mlango wa friza hata mara moja, na chupa zile zikashikilia baridi. Nilizikuta sambusa ngumu vilevile.

Jumamosi nilifika nyumbani saa 11 kasoro kidogo. Binti alikuwa ameshawasha majiko yote mawili, makarai mawili, mafuta tayari. Sambusa zilitoka kwenye friza moja kwa moja mpaka kwenye mafuta. Usiziyeyushe! Zikiyeyuka manda inatota, na ukizishika zinakuachia alama za vidole. Moto uwe wa wastani, kumi kumi tu kwenye kila karai, maana zikiwa nyingi mafuta yanapoa na zitanywa mafuta badala ya kuiva. Nusu saa na dakika kidogo tulikuwa tumemaliza.

Kuna kitu kingine ambacho ndicho ninachojivunia kuliko sambusa zenyewe. Nilikuwa nimeshaapa hotipoti siitaki. Nikawaza, bibi zetu walikuwa wanapeleka futari nyumba ya pili na ya tatu kila siku, na hawakuwa na hotipoti, walifunikia nini? Nikakumbuka kawa. Kawa la ukindu alilonipa mama mkubwa nilipoolewa lilikuwa limetundikwa ukutani kama pambo, miaka yote hii. Nikalishusha, nikalipangusa vumbi, nikalianika juani siku moja. Sambusa nilizisimamisha kwenye sinia kwa safu, chini karatasi za kunyonya mafuta, juu kawa. Mvuke unapita katikati ya ukindu na unakwenda zake, joto linabaki, nzi haingii. Dakika arobaini kwenye bajaji, foleni ya Mtoni na yote, nilipofunua zikalia chini ya meno ya mtu wa kwanza mpaka wengine wakageuka. Yule mama mzazi alichukua moja, akanitazama, akachukua nyingine. Akasema, "Hili kawa umelitoa wapi, mwanangu? Mie langu niliwapa watoto wakachezea." Tulizungumza habari za makawa mpaka watu wakaanza kutia udhu.

Mwenzangu wa kundi, mgeni wa mambo haya, ameniuliza apeleke nini naye anatoka kazini saa 11. Nimemwambia mkate wa mchele, ule wa kumimina. Huo hauna hatua ya kungoja. Loweka mchele asubuhi, usiku usage na tui zito na hamira, ukishaumuka utie sukari na hiliki, umimine kwenye sufuria yenye mafuta ya moto, upalie makaa juu. Ukilala usiku mmoja, umepoa na kufunikwa kitambaa, kesho yake unakatika vizuri kuliko ukiwa moto na hiliki imeingia. Asijaribu katlesi za viazi za kugandisha, kwa mikono yangu zilitoa maji zikapasukia kwenye karai. Kaimati nazo azisahau kabisa, shira ikikaa nazo saa tatu zinakuwa laini kama sifongo. Kama hana nafasi ya kupika kabisa, achari ya ndimu ya wiki mbili zilizopita, chupa moja nzuri, mbona itapokelewa kwa mikono miwili. Kachumbari ya kukata nyumbani asilete, inafika imeogelea kwenye maji yake. Alete nyanya na vitunguu vizima na kisu, akatie hukohuko.

Na afunge uzi mwekundu kwenye mpini wa sinia lake. Nimepoteza masinia mawili futarini na sijui yako nyumba gani.

Nina dhamira kubwa na jambo hili. Thawabu ya kumfuturisha aliyefunga tumefundishwa tangu madrasa, na mtu aliyeshinda na njaa kutwa anastahili kitu kilichopikwa kwa kufikiriwa, hata kama aliyekipika naye ameshinda kazini. Jumamosi inayokuja nimeandikiwa tena sambusa, na safari hii wameomba 150. Mama yule ameagiza nije na kawa hata kama sitakuja na kitu kingine. Nyama imeshatoka jikoni, iko kwenye sinia chini ya feni, na binti ameanza kukanda unga.