Siku moja maishani mwangu: maabara ya vinyama, Upanga

Saa 12 asubuhi. Kimara, foleni ya mwendokasi. Hapo sina la kusimulia.

Saa 1:30. Nafungua mashine iliyokesha ikiondoa maji kwenye vinyama, yaani vipande vilivyotolewa mwilini vipimwe, na kuvinywesha nta. Ninachokiwazia ni cha mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa uvimbe wa tumbo la chakula, baada ya kupata choo cheusi hadi akapungukiwa damu. Kilikuja kwenye chupa ya maji ya kunywa. Kinaingia laini, fomalini, dawa ya kukihifadhi, inakikaza, hakitoki! Nilikata chupa kwa mkasi. Jamani, tumieni chombo cha mdomo mpana, fomalini iwe mara 10 ya kinyama.

Saa 3. Nakata. Wembe unatoa utepe wa nta wa mikroni 4. Naulaza juu ya maji ya vuguvugu, unajinyoosha, nauokota kwa kioo. Upepo kidogo tu umeukosa, kwa hiyo feni inazimwa na joto la Dar tunavumilia.

Saa 5. Dokta yuko kwenye hadubini. Seli ndefu, zimelaliana kama dagaa kwenye tenga. Huenda ni uvimbe wa misuli, huenda ni GIST, saratani adimu ya tishu laini. Kabla ya Wajapani kuonyesha hitilafu ya jeni ya KIT mwaka 1998, nyingi ziliandikwa saratani ya misuli, basi. “Nipakie CD117,” anasema, yaani kipimo kinachotoa rangi ya kahawia kikikuta protini ya KIT. Hiyo ni kazi ya saa kadhaa.

Saa 7. Kijana dirishani: “Shikamoo dada. Majibu ya kinyama cha mama?”
“Marahaba. Rudi jioni, mdogo wangu.”
Anadhani tunamzungusha. Simlaumu.

Saa 10. Kahawia tupu, kioo kizima. Ni GIST. Dokta anahesabu seli zinazogawanyika. Idadi hiyo, ukubwa wa uvimbe na mahali ulipoota ndivyo vinavyopima hatari ya kurudi. Hapa hatari ni kubwa. Dripu za kemotherapi tulizozizoea haziufanyi kitu uvimbe huu. Dawa yake ni imatinib, kwa kawaida miligramu 400 kila siku, miaka 3 baada ya upasuaji. Tungeandika “misuli” mama angekosa kidonge hicho.

Saa 11. Kijana anasaini daftari, nampa ripoti na bloku ya nta yenye kinyama apeleke Ocean Road, hospitali ya saratani.
“Atawekewa dripu?”
“Vidonge, nadhani, ila wa kupanga ni daktari wa kule. Na bloku usiiache juani, ni nta hiyo.”