Mfalme na Ajiandikie

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Kumbukumbu la Torati 17:14-20.

Mungu anawaruhusu Israeli kuwa na mfalme, kisha anamwekea mipaka: asijizidishie farasi, wala wake, wala fedha na dhahabu. Halafu linakuja agizo lililonishika wiki nzima. Akishaketi kitini, ajiandikie nakala ya torati, aisome siku zote za maisha yake, moyo wake usije ukainuka juu ya ndugu zake.

Jumanne usiku nilichukua daftari nikainakili mistari hiyo saba kwa mkono, polepole. Nilipofika kwenye "ndugu zake" kalamu ilisimama. Asubuhi ile nilikuwa nimemkaripia kijana ninayemsimamia kazini, mbele za watu, na kosa halikuwa lake.

Sura hii aliwahi kuifafanua Stephen Langton, Mwingereza aliyefundisha Biblia Paris kwa miaka mingi. Ndiye anayetajwa kuwa aliyagawa Maandiko kwa sura, hata leo tukisema "tufungue sura ya 17" tunafuata hesabu yake. Alipofanywa Askofu Mkuu wa Canterbury, yaani kiongozi wa Kanisa la Uingereza, Mfalme John alimzuia kuingia Uingereza hadi 1213. John alitoza mno, akashika watu na mali zao bila hukumu, makabaila wakamwasi. Juni 1215, kwenye uwanda wa Runnymede kando ya mto Thames, Langton alikuwa miongoni mwa wapatanishi. Hati iliandikwa kwa Kilatini juu ya ngozi ya kondoo, ikatiwa muhuri wa nta wa mfalme. Ndiyo Magna Carta, yaani Hati Kuu. Humo mfalme anaahidi hatamuuzia mtu haki, wala kumnyima, wala kumcheleweshea. Inaniuma kwamba ahadi nyingi zilimhusu "mtu huru" tu, na wakulima wengi hawakuhesabiwa huru.

Agosti ya mwaka huohuo Papa Innocent wa Tatu aliibatilisha. Langton akasimamishwa kazi kwa kukataa kuwatangazia waasi kutengwa na Kanisa. Vita vikazuka. John akafa 1216, hati ikatolewa upya, na mwaka 1225, chini ya mwanawe Henry, Langton yuleyule alisimama kutamka laana ya Kanisa juu ya yeyote atakayeivunja.

Tuombe. Baba, uwape walioketi vitini mkono wa kuiandika sheria yako na jicho la kuisoma kila siku. Nami unipe ujasiri wa kumwomba yule kijana msamaha kesho, mbele ya walewale waliosikia. Amina.