Kijana wa Dirishani

"Mama, leo nimesimama mpaka kengele."

Binti yangu alisema hivyo jana jioni huku anavua viatu, kama vile ananitajia tu walichokula mchana. Aliulizwa swali, hakujibu, mwalimu akamwacha wima. Nikauweka chini mchicha niliokuwa nachambua.

Nikakumbuka Julai 2007, ile baridi ya Iringa inayoingia mpaka kwenye mifupa. Nimemaliza mwaka wa kwanza pale Mkwawa, tumetawanywa kwenda BTP, mazoezi ya kufundisha mashuleni. Chuo kilikuwa kichanga kama sisi wenyewe. Majengo ni ya zamani: yalijengwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu kabla ya Uhuru, yakawa sekondari, yakawa chuo cha ualimu, na mwaka 2005 ndipo Mkwawa ikafanywa chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, pamoja na chuo cha Chang'ombe. Haraka ile ilikuwa na sababu. MMES, mpango wa serikali wa maendeleo ya elimu ya sekondari, ilianza 2004, kila kata inajenga sekondari, madarasa yanaezekwa na wa kufundisha hayupo. Sisi ndio tuliosubiriwa, na tulilijua hilo. Tulitembea vifua mbele.

Nilipangiwa shule ya kata upande wa Kilolo, Jiografia kidato cha pili, watoto themanini na kitu, watatu watatu kwenye dawati. Siku ya kutathminiwa, mhadhiri aliketi nyuma kabisa, fomu mapajani. Somo ni mvua za milima. Andalio la somo safi, mchoro nimeuchora kwenye manila usiku kucha. Nikauliza swali kwa Kiingereza, ndiyo lugha ya sekondari, nikamnyooshea kidole kijana wa dirishani. Akasimama. Macho chini, kidole gumba kinakwangua ukingo wa dawati, sweta limefumuka kiwikoni. Nikamwambia abaki amesimama, nikamuuliza mwingine, somo likaendelea.

Nikamsahau. Alisimama hivyo hadi mwisho wa kipindi, anakwangua, na nyuma yake dirishani mlima umejaa ukungu.

Kengele ilipolia nilisubiri kusifiwa mchoro wangu.

"Yule kijana anaitwa nani?"

"Sijui, Dokta."

"Kamuulize, mwalimu. Halafu muulize na lile swali, kwa Kiswahili."

Nilimkuta bombani. Alinitajia jina lake kwa sauti ya chini. Nilipomuuliza swali akanyoosha mkono ule wenye sweta lililofumuka kuelekea mlimani. "Mawingu yakifika pale yanapanda, yanapoa, yanamwaga huku kwetu. Kwa bibi, ng'ambo ya pili, ni kukavu. Wanalima mtama."

Mchoro wangu wote ulikuwa umo kwenye maneno yake.

Wiki zilizobaki zilipita haraka. Nikarudi chuo, nikahitimu, nikaajiriwa. Mihadhara mingi imenitoka kichwani, swali la Dokta halijatoka. Na bado, leo hii nina mikondo minne, watoto zaidi ya mia mbili, na majina ninayoyajua hayafiki nusu.

"Alikuuliza tena kwa Kiswahili?" nikamuuliza binti yangu.

Akatikisa kichwa.

Kesho nitampeleka shule mwenyewe. Mwalimu wake bado kijana, darasa lake limefurika kama langu. Nimekaa hapa tangu jioni natafuta la kumwambia.